Boksi Tupu na Mkono Mtupu

Katika Majilio yaliyopita watoto wa Shule ya Jumapili wa mtaa wetu hapa Msata walituomba ruhusa watengeneze wenyewe pango la Noeli. Tukawapa, maana pango la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa, na yule ng'ombe alikuwa amebakiwa na miguu miwili. Kwa wiki tatu, kila Jumamosi alasiri, walikusanya maboksi matupu kutoka madukani hapa njia panda, wakakata, wakakunja, wakabandika. Usiku wa mkesha tukaiona Bethlehemu nzima: nyumba zenye madirisha, hori, punda, kondoo waliovikwa sufi, mamajusi watatu, na ngamia ambaye shingo yake ilizidi kiasi. Ubavuni mwa nyumba ya wageni, ile iliyokosa nafasi, jina la sabuni lilikuwa lingali linasomeka.

Baada ya Misa bibi mmoja, ambaye wengi wetu tumelelewa mikononi mwake, alisimama mbele ya pango kitambo kirefu. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kugeuka: "Wanangu, nyumba zenu mmezijenga kwa tofali. Bwana mmemjengea kwa boksi la sabuni." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, akashika fimbo yake akaenda zake.

Basi neno lile limetukaa. Tumelizungumza katika halmashauri ya mtaa, tumelizungumza na akina mama wakipeta mchele wa sikukuu, tumelizungumza njiani. Swali lenyewe ni jepesi kulitaja na zito kulijibu: kitu kilichofanywa kwa kile ambacho hakikutugharimu, je, ni matunda ya akili na uwekevu, au ni uchoyo uliovaa nguo nzuri? Tungeweza kuliacha lipite kama mengine, lakini yupo mtoto mmoja na kiti chake, ambao tutawataja mbele kidogo, na kwa ajili yao hatuwezi kuliacha.

Kwanza tuseme habari za boksi lenyewe, maana watu hulidharau bila kulijua. Msata ni njia panda. Barabara itokayo Chalinze kwenda Segera hupita hapa, nayo ya kutoka Bagamoyo, kilometa 64 hivi, huja kukutana nayo hapa hapa. Kila kitu cha dukani hutufikia ndani ya boksi: sabuni, mafuta, biskuti, madaftari, maji ya chupa. Kitu kinatumika, boksi linabaki. Mama lishe hulipepelea jiko la mkaa. Muuza nyanya hutandika chini. Dereva huliweka chini ya gari akalala juu yake atengeneze. Msafiri maskini hulifunga kamba likawa sanduku, na wale waliokuwa watu wazima miaka ile ya uhaba, baada ya vita vya Kagera, wanakumbuka kwamba boksi zuri la kusafiria lilikuwa mali ya kuazimana. Hata vijana wetu walio Ulaya na Marekani hujiita wabeba boksi, na jina hilo wamelipata kwa jasho.

Ukilipasua kwa kisu utaona kwamba ni karatasi tatu. Mbili zimenyooka, na ile ya katikati imekunjwa mawimbi kama bati la paa. Nguvu yote imo katika yale mawimbi. Waingereza wawili, Healey na Allen, waliandikisha karatasi ya mawimbi mwaka 1856, wala haikuwa kwa ajili ya kubebea mizigo, bali kwa kutia ndani ya zile kofia ndefu za mabwana. Baadaye Wamarekani wakaitumia kufungia chupa, na ndipo mwishoni mwa karne ile maboksi yakaanza kuingia kila mahali. Watoto wetu hawakuambiwa habari hizo, lakini siri wanaijua. Wanajua kwamba mawimbi yakisimama wima boksi hubeba uzito, yakilala hukunjika. Wanajua kwamba ukitaka kulikunja pasipo kuvunjika, upitishe kwanza ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Gundi yao ni uji mzito wa unga wa muhogo. Tuliwaona wakibishana kuhusu shingo ya ngamia kama wahandisi wa daraja, na aliyeshinda ubishi ni msichana wa miaka tisa ambaye darasani husemwa kuwa mzito.

Na kabla ya pango walikuwa na magari yao. Nani kati yetu hakuwahi kuwa nalo? Bodi ni la boksi, magurudumu ni ya ndala kuukuu au vizibo vya soda, ekseli ni chelewa, na usukani ni waya uliofungwa kwenye mti mrefu ili dereva aendeshe amesimama. Watoto wa njia panda hutengeneza mabasi. Wanayajua yote yapitayo, lile la Tanga, lile la Moshi, lile la Arusha, na hawakosei hata rangi ya taa za nyuma. Mtoto anayenunuliwa gari la plastiki hulichezea mpaka livunjike, basi. Mtoto aliyelitengeneza huweza kulitengeneza tena. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamika kwamba shule zilimfundisha mtoto kudharau kazi ya mikono, na sisi tulioishi siku zile tuliisikia hotuba hiyo mara nyingi kuliko tulivyoitenda. Hawa watoto wanaitenda pasipo hotuba.

Lakini tusijidanganye kwamba boksi ni la bure. Siku hizi lina bei. Wenye maduka huyauza, na wapo wanaoyanunua kwa kilo yapelekwe mjini na kurudishwa viwandani. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, kila kilicho karatasi kimepata heshima mpya. Katika zile wiki za Majilio mtoto wetu mmoja aliokota maboksi mawili nyuma ya duka, akakamatwa shati, akaitwa mwizi mbele za watu. Wazee walisema kweli: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Ilibidi mzee wa Kanisa aende kuomba radhi, akalipa, ndipo shati likaachwa. Mtoto hakurudi Jumamosi iliyofuata, ikabidi tumfuate nyumbani kwao.

Sasa tuje kwa kiti.

Jirani na Kanisa letu pana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Wazazi wake ni Waislamu, watu wema, tunaazimana chumvi na tunazikana. Mtoto yule wakati ule alikuwa na miaka mitano, naye hakuweza kukaa bila kushikiliwa. Mama yake alimlisha amemlaza mapajani, na kila mlo ulikuwa na hofu ya kupaliwa, maana mtu aliyelala chali humeza kwa shida, na chakula kinaweza kushuka penye njia ya pumzi. Mama hakuweza kwenda shamba. Alipokwenda kuteka maji alimwacha juu ya mkeka, na mtoto akatazama paa.

Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitalini alituambia kwamba uko ufundi wa kutengeneza viti vya watoto kama hao kwa karatasi na maboksi. Ufundi huo uliendelezwa Zimbabwe katika miaka ya 1980 na mwalimu mmoja aitwaye Bevill Packer, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Hakuna uchawi ndani yake. Vipande vya boksi hupakwa gundi ya unga, vikabandikwa kimoja juu ya kingine, mawimbi ya hiki yakipishana na ya kile, vikafungwa kamba na kuwekewa mawe juu vikauke. Vikishakauka huwa kama ubao, huweza kukatwa kwa msumeno. Kisha kiti huunganishwa kwa kipimo cha mtoto, mgongo wake, mapaja yake, urefu wa miguu yake, kikafunikwa karatasi ndogo ndogo kila mahali, kikapakwa rangi. Huwa na meza mbele na mkanda wa kumshikilia.

Watoto wa Shule ya Jumapili, pamoja na akina mama wawili na fundi seremala mmoja, walikitengeneza kwa mwezi mzima. Mwenzetu yule alikuja na kupima, akakataa kipande cha mgongo mara mbili, akasema kiti kisicho na kipimo huongeza ulemavu badala ya kuupunguza. Kilipokwisha walikipaka rangi ya samawati, wakachora basi kila upande. Siku mtoto alipokaa ndani yake tulikuwapo wengi. Alishangaa. Alikuwa hajapata kutuona tukiwa tumesimama wima machoni pake. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akapiga meza kwa mkono, pa, na akaipenda sauti ile, akapiga tena, akaendelea mpaka mama yake akatokwa na machozi. Hatujaona kipaimara wala harusi iliyotufurahisha kuliko siku ile, na tunasema hivyo bila kuikosea heshima ibada yoyote.

Hadi hapo hadithi ni nzuri, nayo tuliisimulia kila mahali. Wageni walipofika mtaani tuliwapeleka kuona kiti. Walipiga picha. Tulisifiwa.

Jambo tusilolisimulia ni hili. Kabla ya kiti cha boksi palikuwa na mchango. Tulikuwa tumeweka kopo mezani, nyuma ya Kanisa, kwa ajili ya kumnunulia mtoto yule kiti cha magurudumu cha kufaa na kulipia nauli ya kumpeleka Dar es Salaam kwa wataalamu wa viungo, maana mtoto wa namna ile ahitaji mazoezi na kupimwa kila anapokua. Kopo lilikuwa limefika karibu robo. Kilipopatikana kiti cha boksi, kopo likanyamaza. Hakuna aliyetangaza kwamba mchango umekwisha. Hakuna aliyeamua. Kila mmoja wetu, akipita penye meza, alijisemea moyoni kwamba yule mtoto amekwisha pata kiti. Mwezi wa tatu mtu akaliondoa kopo ili apate mahali pa kuweka vitabu vya nyimbo. Na katika miezi hiyo hiyo mtaa wetu ulinunua viti vya plastiki arobaini, vipya, kwa ajili ya wageni wa harusi.

Mtoto naye hakuacha kukua. Mapaja yalizidi kiti, magoti yakabana chini ya meza. Masika yalipoingia unyevu ulipanda, miguu ya kiti ikaanza kulegea, na mchwa wa Msata, ambao hawajui kwamba kitu ni cha sadaka, wakakitafuta kutoka chini. Mama alikiinua juu ya tofali nne. Hakutuambia. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu, "Mlikuwa mmekwisha nisaidia." Jibu hilo tunalirudia hapa kama lilivyo, kwa kuwa hatuna namna ya kulipunguza makali.

Sasa ndipo neno la bibi linaturudia. Yeye hakukataa ufundi wa watoto. Bibi huyu mwenyewe alifuma mikeka maisha yake yote, na hajatupa kipande cha ukili. Lililomkera ni hesabu: tofali kwetu, boksi kwa Bwana.

Hebu tutazame Sheria ya Musa. Katika Walawi mwenye shamba ameamriwa asivune pembe za shamba lake wala asiokote masazo, ayaache kwa maskini na mgeni. Wengi hudhani hapo maskini anapewa makapi. La, anapewa ngano ile ile anayokula mwenye shamba, tena ikiwa ingali imesimama. Ndipo Boazi, alipomwona Ruthu, akawaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaangusha makusudi, mwanamke aokote bila kuaibishwa. Masazo ya Boazi yalimgharimu Boazi. Vivyo hivyo mfalme Daudi alipotaka uwanja wa kupuria nafaka ili ajenge madhabahu, na mwenye uwanja akataka kumpa bure pamoja na ng'ombe na kuni, alikataa katakata asimtolee Mungu kitu kisichomgharimu. Nasi tulifanya nini? Tulitoa maboksi, na hata hayo, mawili kati yake yalilipiwa kwa sababu tu mtoto alikamatwa shati.

Mtu mmoja katika halmashauri alijibu kwa vile vikapu kumi na viwili. Akasema Bwana mwenyewe aliamuru mabaki yakusanywe kisipotee kitu. Ni kweli, na tunafurahi kukumbushwa. Lakini tuliisoma tena sura ile pamoja, taratibu, tukaona mpangilio wake. Watu walikuwa wamekwisha shiba. Mabaki yalikusanywa baada ya shibe. Hakuna aliyelishwa mabaki wakati mikate ipo. Sisi tulianza na vikapu.

Wala si sisi peke yetu tuliojaribiwa hivi. Baada ya msiba wa Rwanda wa mwaka 1994 wakimbizi walikuwa wengi mno, hata huku kwetu Ngara, na miti ya kuzunguka makambi iliteketea kwa kukatwa nguzo na kuni. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilijaribu kuwapa nguzo za alumini. Wakimbizi wakaziuza, kwa kuwa alumini ina bei na wao walikuwa na njaa, wakarudi kukata miti. Ndipo msanifu majengo wa Kijapani, Shigeru Ban, alipoleta wazo la nguzo za mabomba ya karatasi ngumu, na mwaka 1999 vibanda 50 hivi vikajengwa kwa majaribio huko Byumba, Rwanda. Wazo lilikuwa la akili, na lilikusudia kuokoa miti. Lakini hatuwezi kulitafakari bila kuona uchungu wake: karatasi ilifaa kwa sababu, pamoja na mengine, maskini asingepata mtu wa kumuuzia.

Huyo huyo Ban alijenga kanisa kuu la karatasi kwa Waanglikana wenzetu. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Christchurch, New Zealand, likaua watu 185, na mnara wa kanisa kuu la mawe ukaanguka. Ban aliwasanifia bila malipo kanisa la muda, paa lake likiinuliwa na mabomba makubwa ya karatasi, lenye nafasi ya watu 700 hivi. Lilifunguliwa mwaka 2013. Lilisemwa kuwa la muda, nalo la mawe lingerudishwa. Kazi ya kulirudisha ilianza, lakini mwaka 2024 ikasimamishwa kwa upungufu wa fedha. Hatutaki kuwahukumu ndugu wa mbali ambao msiba wao hatuujui. Tunasema tu kwamba tulipoisoma habari hiyo tulilikumbuka kopo letu. Kitu cha muda kikiwa kizuri, hukaa. Pia tuligundua jambo la kuchekesha kidogo: ndani ya yale mabomba ya karatasi iliwabidi kutia mihimili ya mbao.

Tungeweza basi kusema, tuache maboksi, tukusanye fedha. Wapo wanaosema hivyo, na mama mmoja kijana alisimama Jumapili moja akasema kwa hasira kwamba watoto wa wengine wanafundishwa kompyuta, wetu wanafundishwa takataka. Tunamwelewa. Hata hivyo hatukubaliani naye, na tungependa kueleza kwa nini.

Iringa, katika Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa letu la Anglikana, iko karakana iitwayo Neema. Ilianza mwaka 2003, Mwingereza mmoja, Susie Hart, akiwa na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Naam, mavi ya tembo, maana tembo hula majani mengi na nyuzi zake nyingi hutoka. Kutoka hapo wamekuwa watu wenye ulemavu zaidi ya mia, wanafuma, wanashona, wanayeyusha chupa kuukuu kuwa shanga, na wana mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Takataka gani tena kuliko hiyo waliyoanza nayo? Lakini pale hakuna aliyewaambia wale vijana waridhike na mavi ya tembo. Walipewa ufundi, wakapewa ujira, na karatasi yao ikauzwa kwa bei ya karatasi nzuri. Kitu duni ndicho walichoanzia, na watu waliokuwa pamoja nao hawakuwaacha hapo.

Na hapa kwetu pwani tunao mfano wa kale zaidi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Chuma na Susi na wenzao hawakuwa na jeneza wala mbao. Walibandua gome la mti, wakaukunja mwili ndani yake, wakalishonea turubai. Njiani, watu wa mahali walipokataa maiti isipite, wakaufunga upya ili ufanane na mzigo wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa hivi ya kutembea kwa miguu. Kwa ustadi lilikuwa jambo lile lile wafanyalo watoto wetu: kufanya kasha kwa kilichopo. Hatujamsikia mtu akiliita gome lile uchoyo. Waliolifanya ndio waliolibeba, na baadhi ya wenzao walifia njiani.

Nadhani hapo, au tuseme twadhani, maana mambo haya tumeyafikiri wengi, ndipo swali la bibi linapopata nusu ya jibu. Uwekevu ni fadhila mtu anapojidai mwenyewe. Anapomdai mwenzake huku yeye amekalia kiti kipya, jina lake linabadilika. Wale watoto waliokata maboksi hawakuwa na kosa hata chembe. Walitoa walichokuwa nacho, vidole vyao na Jumamosi zao nne, na mmoja wao alitoa na heshima yake pale dukani. Kiti kilichotoka mikononi mwao kilikuwa sadaka kamili. Sisi tulichukua sadaka yao tukaihesabu kuwa ni yetu. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga, na mikono yetu ilikuwa mitupu, ila tuliionyesha kwa wageni ikiwa imeshika kiti cha watu wengine.

Nusu ya pili ya jibu hatunayo. Bado tunabishana kuhusu pango. Wengine wataka safari hii linunuliwe la mbao, fundi yupo, na watoto wapake rangi tu. Wengine husema Bwana alizaliwa katika hori la mifugo, yaani katika kitu kilichokuwa kimetengenezwa kwa kazi nyingine, na kwamba boksi la sabuni lilikuwa karibu zaidi na Bethlehemu kuliko mbao zilizopigwa randa. Wote wawili wana hoja. Bibi alipoulizwa alisema tumalize kwanza la mtoto, ndipo tuzungumze ya ng'ombe na punda.

Kopo limerudi mezani. Safari hii si la wazi. Ni boksi, watoto walilitengeneza wenyewe, lina kufuli, na wamechora juu yake gurudumu lililogawanywa vipande kumi. Kila fungu likitimia wanapaka kipande kimoja rangi nyekundu. Hadi Jumapili iliyopita vipande saba vilikuwa vimepakwa. Viti kumi na vitano kati ya vile arobaini tumekubaliana kuviuza kwa mtaa wa jirani, na aliyesimama kupinga hoja hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikaa kabla hajamaliza. Mwezi uliopita mama na mtoto walikwenda Dar es Salaam mara ya kwanza, wawili kati yetu wakafuatana nao, wakarudi na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi.

Kiti cha zamani nacho? Tulimwambia mama kwamba kipya kikija tutakuja kukichukua hicho cha boksi, tusimwachie mzigo. Akasema tumuulize mwenyewe. Mtoto sasa ana maneno machache. Alitutazama, akapiga meza kwa mkono, pa, kisha akaonyesha lile basi lililochorwa ubavuni na kusema, "Tanga." Basi tumemwachia, na watoto wameahidi kuja Jumamosi kukiongeza miguu.